Mulika mwizi kwenye mizani

Huku Dabaso, kando ya hori ya Mida, mkizungumza habari za simu hakosi mtu wa kusema kwamba za zamani ndizo zilikuwa simu, hizi za leo ni vioo tu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo neno kama hilo silipitishi hivi hivi. Hebu tulipime.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 KenCell iliingia sokoni, na mwaka huo huo Safaricom ikaanza kazi na mbia wake Vodafone. Kabla ya hapo simu ya mkononi ilikuwa ya matajiri. Mwaka 2003 Nokia wakatoa 1100: skrini ya rangi moja, vitufe vilivyofunikwa kwa mpira kuzuia vumbi, na tochi kichwani. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Wakenya wakaiita mulika mwizi, jina ambalo hakuna mtu wa matangazo angelibuni.

Sifa ya kwanza ambayo kila mtu huitaja ni betri. Nokia waliahidi hadi saa 400 simu ikiwa imetulia, yaani siku 16 na ushei, kwa betri ya mAh 850. Simu nyingi za leo zina betri kubwa mara tano na zaidi, na jioni zinatafuta chaja. Siri haikuwa kwenye betri. Simu ile ilijua kulala: redio yake iliamka kidogo tu kila baada ya sekunde moja au mbili, ikausikiliza mnara kama kuna anayempigia mwenyewe, ikalala tena. Kwa nyumba isiyo na stima, ambayo simu yake huchajiwa dukani kwa pesa, hilo si jambo dogo.

Mawimbi nayo wazee huyasifu, kwamba simu zile zilishika hata baharini. Ni kweli kwamba GSM ya megahezi 900 husafiri mbali kuliko masafa ya juu. Lakini kwa kawaida mnara wa GSM hauvuki kilomita 35, hata uwe na nguvu vipi. Simu hulazimika kutuma mapema kidogo ili sauti ifike kwa zamu yake, na hesabu ya kutanguliza huko inaishia 63. Ukipita hapo ni kimya. Na mpira ule ulizuia vumbi, haukuzuia maji ya chumvi. Muulize mvuvi yeyote.

Kwangu mimi sifa kubwa iko kwingine. Simu zile zilikuwa duni kiasi kwamba wahandisi walilazimika kuweka akili ndani ya laini. M-Pesa ilipojaribiwa Oktoba 2005, kwa wateja wa mikopo midogo ya Faulu, na ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, menyu yake ilikaa kwenye kadi ya SIM. Mteja alipewa kadi mpya, akaichomeka kwenye simu ile ile aliyokuwa nayo. Namba ya siri ilifungwa kwa hesabu za usimbaji ndani ya kadi kabla ya kutumwa kwa meseji. Kama wangengoja kila mtu anunue simu kubwa, sijui tungekuwa wapi.

Sasa ubovu, na hapa naona watu hujidanganya. Wengi husema simu ya zamani ni salama kwa kuwa haina virusi. Katika mtandao wa 2G, mnara huitaka simu ijithibitishe, lakini simu haiutaki mnara ujithibitishe. Mwenye mnara bandia anaweza kuinasa. Usimbaji wa A5/1 unaolinda sauti hewani ulionyeshwa udhaifu wake hadharani Desemba 2009, na Karsten Nohl, mjini Berlin. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta swichi ya kuizima 2G kwa simu zinazoikubali. Mulika mwizi haina pengine pa kukimbilia, na haitapata sasisho kamwe.

Halafu kuna zile za bandia, zilizofanana kwa sura na kutumia namba moja ya IMEI kwa maelfu. Mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano iliamuru zizimwe, na zaidi ya milioni moja zikakatika. Mwenye nayo alikuwa ameinunua kwa pesa yake halali.

Kwa nini nayaandika haya leo? Kwa sababu hazijaondoka. Hazina ya Hustler ya Novemba 2022 ilipitia *254#, na usajili wa bima mpya ya afya mwaka 2024 ukakubali *147#. Serikali inajua nyota na reli ndizo zinazomfikia mwenye kabambe. Lakini sisi waandishi wa programu tunazidi kuzikimbia: ujumbe wa herufi 182, kikao kinachokatika ukisita, hakuna picha. Nami nazichukia pia, nikiwa kazini.

Nchi nyingine zimeshaamua. Telstra wa Australia walizima 2G Desemba 2016, na AT&T wa Marekani wakafuata mwezi huo huo ulipoisha. Kwetu bado iko hewani. Siku itakapozimwa, 1100 iliyobaki Dabaso itaendelea kukaa na chaji wiki nzima, na kazi itakayoweza ni tochi na ule mchezo wa nyoka.