Fomu ya madai ya bima ya afya kwa wastaafu (Tanzania)

'''Fomu ya madai''' ni hati ambayo kituo cha afya huijaza ili kilipwe na mfuko wa bima kwa matibabu aliyopewa mwanachama. Nchini Tanzania, kwa mstaafu wa utumishi wa umma aliye katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (kifupi: NHIF), fomu hiyo ndiyo hati kuu inayoonyesha alichotibiwa na gharama yake. Mstaafu mwenye kadi kwa kawaida haondoki hospitalini na ankara. Hivyo nafasi yake ya kuiona hesabu ya matibabu yake ni ile dakika anayotakiwa kutia saini.

Makala hii inaeleza hati hizo, namna ya kuzisoma, na hatua za kuchukua zinapokuwa na kosa.

== Historia ==

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, matibabu katika hospitali za serikali ya Tanzania yalitolewa bila malipo. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Miaka michache baadaye Bunge lilitunga Sheria Na. 8 ya mwaka 1999 iliyoanzisha NHIF, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001 ukiwahudumia kwanza watumishi wa serikali kuu. Makao makuu yake yako Dodoma, na una ofisi mikoani, Mwanza ikiwemo.

Mtumishi huchangia asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine, jumla asilimia 6. Akiwa kazini, kadi humhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Kuanzia 1 Machi 2024 Mfuko ulianza kutumia kitita kipya cha mafao chenye orodha mpya ya huduma, dawa na bei. Baadhi ya hospitali binafsi zilizipinga bei hizo, na nyingine zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama. Kwa sababu hiyo, fomu ya kabla ya tarehe hiyo haifai kutumika kama kipimo cha bei za baada yake.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye lengo la kila mkazi wa Tanzania Bara kuwa na bima.

== Hali ya mwanachama baada ya kustaafu ==

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha miaka 60. Mwanachama anayestaafu akiwa ametimiza masharti ya Mfuko huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa mchango tena. Wategemezi wengine hawamo katika fao hilo. Ndiyo maana mzazi aliyezoea kumpeleka mtoto hospitalini kwa kadi yake huambiwa dirishani kwamba mtoto hayumo tena. Hilo si kosa la karani.

Pensheni na bima ya afya ni vitu viwili. Pensheni ya watumishi wa umma hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Taarifa ya pensheni haionyeshi matibabu, na NHIF haishughulikii malipo ya pensheni. Mwenye swali la matibabu akienda PSSSF atarudishwa.

Vilevile, bima si sawa na msamaha wa matibabu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wa kulipa. Dirisha la wazee linaloonekana katika hospitali nyingi huwahudumia wote, lakini mwenye kadi ya bima bado hujaziwa fomu, kwa kuwa matibabu yake yatalipiwa na Mfuko.

== Hati zinazochanganywa ==

* '''Fomu ya madai''': hudai fedha kutoka NHIF, si kutoka kwa mgonjwa. Jumla iliyoandikwa chini yake si deni la mstaafu.
* '''Fomu ya dawa na vifaa tiba''', maarufu kama fomu 2C: hutolewa pale kituo kinapokosa dawa iliyoandikwa, ili mwanachama aichukue katika duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko.
* '''Barua ya rufaa''': humpeleka mgonjwa kutoka kituo cha chini kwenda cha juu. Haina hesabu ya fedha.
* '''Ankara''': ni dai la fedha kwa mgonjwa mwenyewe, kwa huduma isiyolipiwa na bima. Katika hospitali za serikali huambatana na namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba.
* '''Stakabadhi''' au risiti: ni uthibitisho kwamba fedha imeshalipwa. Ankara bila stakabadhi haithibitishi malipo.

Mstaafu akiombwa fedha, swali la kwanza ni hili: hii ni huduma gani, na je, imo katika kitita? Kama haimo, apewe ankara inayoitaja kwa jina. Kama imo, hapaswi kuilipia mara ya pili. Fedha inayoombwa kwa mdomo, bila ankara wala stakabadhi, haina hati yoyote ya kuitetea.

== Sehemu za fomu ==

Fomu ya kawaida ya matibabu, inayojulikana kama fomu 2A na B, ina sehemu zifuatazo:

# '''Kituo''': jina la hospitali na tarehe ya huduma.
# '''Mgonjwa''': jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba ya kadi na namba ya jalada.
# '''Namba ya uidhinisho''': hutolewa baada ya kadi kuhakikiwa siku hiyo. Inaonyesha kwamba mwanachama alifika kituoni.
# '''Ugonjwa''': jina au alama ya ugonjwa uliodhaniwa na ule uliothibitishwa.
# '''Huduma na gharama''': kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji na kulazwa. Kila mstari una idadi, bei ya kimoja na jumla yake.
# '''Daktari''': jina, sifa na saini yake.
# '''Uthibitisho wa mgonjwa''': jina, simu na saini ya mgonjwa, akikiri kwamba amepata huduma zilizotajwa juu.

Ada ya kumwona daktari hutegemea ngazi ya kituo na ngazi ya mtaalamu. Daktari wa kawaida, daktari bingwa na bingwa bobezi hawana ada moja.

Sehemu ya saba ndiyo yenye uzito kwa mstaafu. Kituo hukusanya fomu za mwezi mzima na kuzipeleka NHIF, na sheria inautaka Mfuko kulipa madai halali ndani ya siku 60. Mfuko hauwezi kujua kilichotendeka ndani ya chumba cha daktari ila kwa maandishi hayo. Anayetia saini fomu tupu amethibitisha jambo ambalo halijaandikwa bado.

== Mfano wa kusoma hesabu ==

Bei zilizo hapa chini ni za kufundishia tu. Tuseme mstaafu mwenye shinikizo la damu amehudhuria kliniki, na fomu yake imeandikwa hivi:

* Kumwona daktari: 1 × 10,000 = 10,000
* Kipimo cha sukari: 1 × 3,000 = 3,000
* Dawa ya kwanza: vidonge 60 × 200 = 12,000
* Dawa ya pili: vidonge 60 × 100 = 6,000
* Jumla: shilingi 31,000

Kujumlisha hakuna kosa. Lakini mgonjwa akifungua mfuko wa dawa anakuta dawa ya kwanza ni vidonge 30 tu. Thamani ya alichopokea ni 30 × 200, yaani 6,000, na jumla halisi ni shilingi 25,000. Mfuko ungelipa shilingi 6,000 kwa vidonge ambavyo havikutolewa, na mgonjwa angemaliza dawa katikati ya mwezi.

Msomaji wa fomu basi hukagua mambo matatu: kama huduma ilitolewa kweli, kama idadi inalingana na alichopokea, na kama mstari ukizidishwa unaleta jumla iliyoandikwa. Hahitaji kujua udaktari.

== Makosa ya kawaida ==

Si kila kosa ni wizi. Dawa inaweza kuandikwa na daktari kisha ikakosekana dirishani, na fomu isirekebishwe. Kipimo kinaweza kuahirishwa kwa sababu mashine imeharibika huku mstari wake ukibaki. Wakati mwingine namba ya kadi hukosewa tarakimu moja.

Hata hivyo udanganyifu upo pande zote mbili. Vipo vituo vinavyodai huduma ambazo hazikutolewa, na wapo wanachama wanaomwazima ndugu kadi. Kuazima kadi kuna hatari kwa afya pia: ugonjwa, vipimo na hata kundi la damu la mtu mwingine huingia katika kumbukumbu za mwenye kadi. Kujaza taarifa za uongo katika fomu ni kosa linaloweza kumfikisha mhusika mahakamani.

Hasara hiyo haiishii kwa Mfuko. Mstaafu hachangii tena, kwa hiyo matibabu yake yanategemea akiba na michango ya walio kazini. Shilingi inayolipwa kwa dawa hewa ni shilingi iliyopungua kwa mgonjwa wa kesho.

== Mwanza na Kanda ya Ziwa ==

Katika mkoa wa Mwanza mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha Bugando. Ni mali ya Kanisa Katoliki na huendeshwa kwa ushirikiano na serikali. Hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya jirani.

Umbali huongeza thamani ya ukaguzi wa papo hapo. Mstaafu wa Ukerewe hupanda meli au kivuko kutoka Nansio hadi jijini. Anayegundua nyumbani kwamba dawa zimepungua hulazimika kulipa nauli tena, mara nyingi zaidi ya bei ya dawa zenyewe. Kwa upande wa Sengerema na Geita safari imekuwa nyepesi tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, lakini nauli ya basi bado ipo. Kwa hiyo dawa huhesabiwa palepale dirishani, na fomu husomwa kabla ya saini. Asiyeona vizuri au asiye na miwani anaweza kuomba asomewe.

== Hatua za kuchukua ==

# Kumwomba mhudumu wa dirisha la bima asahihishe fomu kabla ya kutia saini.
# Asiposikilizwa, kumwona mganga mfawidhi au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.
# Kwenda ofisi ya NHIF ya mkoa, au kupiga simu namba 199 bila malipo.

Lalamiko husikilizwa vyema likiwa na tarehe, jina la kituo, namba ya kadi, na nakala au picha ya fomu, ankara na stakabadhi. Inafaa kuziweka hati hizo katika jalada moja nyumbani, na mwenza ajue lilipo.

== Nchi nyingine ==

Nchini Kenya, NHIF ya huko iliyoanzishwa mwaka 1966 ilibadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kuanzia 1 Oktoba 2024. Mchango wa mwajiriwa ni asilimia 2.75 ya mapato yake ya mwezi, usiopungua shilingi 300 za Kenya.

Nchini Marekani wazee wa miaka 65 na zaidi hutibiwa kupitia Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Katika mpango wake wa asili mwanachama hutumiwa kila baada ya miezi kadhaa taarifa yenye orodha ya huduma zilizodaiwa kwa jina lake, kiasi kilicholipwa na kiasi anachoweza kudaiwa. Taarifa hiyo husema wazi kwamba yenyewe si ankara. Mzee wa huko hukagua baada ya malipo kufanyika. Mstaafu wa Tanzania hukagua kabla, kalamu ikiwa mkononi.

== Tazama pia ==

* Bima
* Pensheni
* Mkoa wa Mwanza
* Shinikizo la damu