Mbwa wako hubweka akiona bodaboda? Fanya hivi mkitoka matembezi

Mbwa anayeruka na kubweka akiona pikipiki au mbwa mwenzake mara nyingi si mkali, ana hofu. Ukimvuta kamba kwa nguvu au kumchapa, hofu inazidi, na siku moja anaweza kung'ata mtu.

Dawa ni umbali. Simameni mbali kiasi kwamba anaiona pikipiki lakini hajabweka, kisha mpe kipande cha nyama papo hapo. Rudia kila inapopita nyingine. Akikataa kula, mko karibu mno, rudini nyuma. Akikaza mwili na kukodoa macho, usisubiri abweke: geuka naye muondoke taratibu.

Akizoea, sogeeni hatua chache kila siku. Na hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda.