Bei ya Kubisha Hodi kwenye Udaktari

Mtoto wa Mjambere, huku Kisauni, Mombasa, akipata alama za udaktari katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, deni lake la kwanza ni shilingi 1,500. Ndiyo ada ya kuomba nafasi kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawa wanafunzi vyuoni. Huilipa kabla hajajua kama atachukuliwa, na asiye na kompyuta nyumbani huongeza ya saiba.

Zamani kizuizi kilikuwa kingine. Makerere ilipoanza kufundisha utabibu mwaka 1924, Wakenya Waafrika walizuiwa na uhaba wa viti na wa shule za sekondari. Nairobi ilipata kitivo chake cha udaktari mwaka 1967. Siku hizo serikali ilibeba masomo, malazi na hata posho: aliyefaulu alikwenda, awe mwana wa karani au wa mvuvi.

Mwaka 1974 ikaja mikopo. Mwaka 1991, chini ya sera ya kuchangia gharama iliyopigiwa debe na Benki ya Dunia, karo ikamrudia mzazi, na mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo, HELB. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua masomo sambamba, ya wanaojilipia. Tangu hapo, watoto wawili wenye alama sawa waliweza kuachana njia kwa sababu ya mfuko wa mzazi tu.

Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mfumo mpya wa mwaka 2023 ulipoanza, udaktari ulikadiriwa kwa zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Makundi yalipopangwa upya mwaka 2024, familia iliyowekwa kundi la maskini kabisa ilitakiwa kutoa asilimia 5, yaani zaidi ya 30,000 kila mwaka, kwa kozi ya miaka sita. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kupunguza karo. Hata anayehitimu hana uhakika: mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulihusu pia wahitimu waliosubiri kupangiwa mafunzo ya kazini na malipo yao.

Katika mlolongo huu wote, shilingi 1,500 zaonekana ndogo. Lakini HELB humkopesha aliyekwisha kupata chuo, na basari nazo hulipwa chuoni kwa jina la aliyesajiliwa. Anayeomba nafasi hana pa kushika. Kwa mama anayeuza viazi karai, au baba anayeishi kwa kibarua, pesa hizo ni chakula cha siku kadhaa, na kijana huyo hatahesabiwa popote kuwa alikosa: atakuwa hakuomba tu.

Hili linatibika. Ofisi za basari za kaunti na za maeneo bunge ziwalipie ada ya maombi wote waliofikisha alama za kozi za afya na wasio na uwezo, majina yakitoka kwa walimu wakuu mara matokeo yanapotangazwa. Pwani inalilia madaktari. Isiwapoteze walio wake kwa shilingi 1,500.