Alan Brooke, Jemadari wa Mizinga

Kazi ya mpiga mizinga ni kazi ya hesabu. Aghalabu hamwoni adui wake. Hupima umbali, upepo na saa, kisha hufyatua, na kosa dogo laweza kuwaua askari wa upande wake mwenyewe. Katika kazi hiyo ndimo alimolelewa Alan Brooke, mwana wa ukoo wa Ulster, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1883 na kuingia jeshi la mizinga la Uingereza mwaka 1902.

Tarehe 1 Julai 1916, penye mto Somme, Uingereza ilipata hasara ya watu 57,470 kwa siku moja, na 19,240 kati yao walikufa. Mahali pengi mizinga ilikoma kupiga mahandaki ya mbele kabla askari wa miguu hawajafika, na Wajerumani wakawahi kutoka mashimoni na kushika bunduki zao za rashasha. Brooke, aliyekuwa afisa wa mizinga katika Divisheni ya 18, alipanga makombora yaanguke kama pazia litambaalo mbele ya askari, hatua kwa hatua. Divisheni hiyo ilikuwa miongoni mwa chache zilizotimiza shabaha zao siku ile. Mwaka 1917 alishiriki kuipanga mizinga iliyowafungulia Wakanada njia ya kilima cha Vimy. Hata hivyo kilima hicho kiligharimu roho 3,598 za Wakanada. Kutoka huko Brooke alitoka na imani moja: ushujaa usiotayarishiwa moto wa kutosha ni damu ya bure.

Imani hiyo ilijaribiwa mwaka 1940. Waingereza waliokoka Dunkirk waliacha nyuma mizinga zaidi ya 2,000. Mwezi Juni Brooke alirudishwa Ufaransa, na tarehe 14 akabishana kwa simu na Waziri Mkuu Churchill, aliyetaka askari wabaki ili kuwatia moyo Wafaransa. Brooke alishikilia kwamba mapigano yale yamekwisha kushindwa. Churchill akakubali, na zaidi ya watu 100,000 wakaokolewa.

Desemba 1941 akawa Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu. Wamarekani walitaka kuvuka bahari na kuingia Ufaransa mapema. Yeye alisisitiza kuanza na Afrika Kaskazini na Italia, hata adui adhoofike na zana zitoshe. Wako wanahistoria wamlaumuo kuwa alivirefusha vita. Lakini aliyeiona Somme hakuweza kuwapeleka vijana pwani ya adui kwa matumaini matupu.

Agosti 1942 alikataa ujemadari wa Mashariki ya Kati, akiona kuwa wajibu wake ulikuwa London, kando ya Churchill, kumzuia. Akaahidiwa kuongoza uvamizi wa Ufaransa. Agosti 1943, huko Quebec, akaambiwa kuwa cheo hicho kitakwenda kwa Mmarekani. Uchungu wake aliutia katika shajara, kisha akarudi kazini. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi yalipotua Normandy, yalitua chini ya moto wa mizinga ya manowari na makombora ya ndege. Hakuwa yeye aliyeyaongoza. Lakini subira iliyoyangoja hadi zana zikatimia ilikuwa yake.