Kazi ya Hiari na Adabu Yake

Mtu afanyaye kazi ya mshahara hufungwa na mkataba. Asipofika kazini hukatwa fedha, na akizidi kukosa hufukuzwa. Afanyaye kazi ya hiari hana kifungo hicho, wala hapana msimamizi awezaye kumtoza faini. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kazi ya hiari haina sheria. Dhana hiyo si kweli. Sheria zake zimo katika adabu ya watendaji wenyewe, na adabu hiyo ikipungua, chama huvunjika hata kama fedha na vyombo vipo tele. Historia ya nchi iliyo kati ya Bungoma na Kitale, magharibi ya Kenya, yatufundisha jambo hili.

Zamani Wabukusu wa Bungoma, kama jirani zao wengi, hawakufanya kazi nzito peke yao. Shamba la wimbi lilipotaka kupaliliwa, au nyumba ilipotaka kuezekwa, mwenye kazi aliwaita majirani, akawaandalia chakula na busaa. Desturi ya namna hiyo ilikuwako pengi katika Kenya: Wajaluo waliiita saga, Wakikuyu ngwatio, na Wakamba mwethya. Hapakuwa na daftari la kuandika nani alifika na nani hakufika, lakini kila mtu aliijua hesabu. Aliyekula kwa wenziwe bila kurudisha kazi hakuweza kutazamia kuitikiwa siku ya haja yake. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Jomo Kenyatta aliifanya desturi hii kuwa mwito wa taifa zima. Alichagua neno harambee, lililoitwa kwa sauti moja na wafanya kazi wa pwani walipovuta au kuinua kitu kizito. Mwito ukaitikiwa kwa bidii. Wanakijiji walichanga fedha, wakabeba mawe na mchanga, wakajenga shule na zahanati. Chuo kilichoanzishwa Kakamega kwa michango ya harambee katika miaka ya 1970 kilikua hata kikawa chuo kikuu, nacho leo chaitwa kwa jina la Masinde Muliro, aliyewahi kuwa mbunge wa Kitale Mashariki.

Lakini harambee nayo ilipata ugonjwa. Pengine mchango uliotakiwa kutoka moyoni ulitozwa kama kodi, na wanasiasa wakatoa fedha nyingi hadharani ili wasifiwe. Mwaka 2003 Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma iliwakataza watumishi hao kutumia ofisi zao kukusanya harambee. Hapo twaona fundisho la kwanza: hiari ikishurutishwa si hiari tena, na msaada utolewao kwa kutafuta sifa humdhili yule anayesaidiwa.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yake yalibishaniwa, na ugomvi ukageuka kuwa mauaji. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Nchi ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ni mji wake mkuu, ina watu wa makabila mengi waliokaa pamoja katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, na huko pia watu walifukuzwa majumbani mwao. Karibu yake, Mlima Elgon ulikuwa na vita vyake vya ardhi tangu mwaka 2006. Waliokimbia walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale, wakalala katika mahema. Wasaidizi wa hiari walifika kugawa chakula na mablanketi, na kuwatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao.

Siku zile habari za kweli zilikuwa adimu kama chakula. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na uvumi ukaenea kwa simu za mkononi. Ndipo mwanasheria Ory Okolloh, alipoandika katika intaneti mwanzoni mwa Januari 2008, alipoomba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mahali palipopatwa na madhara. Wachache waliitika, miongoni mwao David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich. Hawakukaa mji mmoja, wala hawakulipwa. Lakini kwa muda wa siku chache tu ramani ilikuwa tayari, wakaiita Ushahidi. Mtu yeyote aliweza kupeleka habari kwa simu au kwa kompyuta. Wasaidizi walizisoma, wakajaribu kuzithibitisha kwa watu wengine, kisha wakaziweka mahali pake. Kazi hiyo haikuwa na shangwe, lakini ilitaka uangalifu mkubwa, maana habari moja ya uongo ingeweza kuwafanya vijana washike mapanga.

Kobia huyo huyo alikuwa na baraza la majadiliano katika intaneti, jina lake Mashada, ambamo Wakenya wa nchi mbalimbali walizungumza. Mwezi ule ule wa Januari baraza hilo lilijaa matusi ya kikabila hata akaamua kulifunga. Mahali pake akafungua ukurasa ambao jina lake, kwa Kiswahili, ni Sina Kabila. Fikirini, enyi wasomaji: chombo kilikuwa kile kile, nchi ile ile, na mwezi ule ule. Mkutano mmoja uliokoa na mwingine uliteketea. Tofauti haikuwa katika mitambo, bali katika watu waliokuwamo: hawa waliuliza kwanza kama neno ni kweli na kama litamdhuru mwenzao, na wale hawakuuliza.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, lakini kazi ya Ushahidi haikwisha. Tetemeko la ardhi lilipoivunja Haiti tarehe 12 Januari 2010, ramani ya namna ile ile ilitumiwa huko. Wahaiti waliokaa ng'ambo walifasiri ujumbe wa ndugu zao, na wanafunzi wa Boston wakauweka katika ramani. Hivyo mbegu iliyopandwa katika msiba wa Kenya iliwafaa watu walio mbali kabisa.

Ninyi mnaosoma leo mtaitwa katika vyama vingi vya hiari, vingine vya kijijini, na vingine vya watu msioonana nao kwa macho. Adabu yake ni ile ile iliyokuwa katika shamba la wimbi. Ukiahidi, timiza, na usipoweza, waambie wenzio mapema ili wasikungojee bure. Usipeleke neno usilolihakiki. Mjibu aulizaye, hata kama swali lake ni dogo. Mshukuru atendaye kazi isiyoonekana. Na kumbuka kwamba nyuma ya kila jina lililoandikwa yuko mtu, ambaye pengine usiku huu analala katika hema.