Jina la Kituo cha Ubungo Maziwa

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Shabaha yake ilikuwa kuunga bara na bandari. Mkazi wa mjini aendaye kazini asubuhi hakukusudiwa. Yeye alipata gari lake tarehe 29 Oktoba 2012, safari za abiria wa mjini zilipoanzishwa baina ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Watu waliliita "treni ya Mwakyembe", kwa kuwa Harrison Mwakyembe ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi.

Jina la kituo hicho kidogo lastahili kuangaliwa. Ubungo ni mahali. "Maziwa" latokana na kiwanda cha maziwa. Lakini neno hilo lina maana mbili, na mgeni aweza kudhani kuwa hapo palikuwa na maziwa ya maji. Kosa kama hilo likiingia kitabuni, habari ya kiwanda hufutika, na mahali pake hukaa ziwa lisilokuwapo. Basi yafaa asili ya majina ya vituo iandikwe wangali hai wanaoikumbuka.