Jiwe, Kimea na Pombe ya Nafaka: Mfano wa Kanyaruchinya

Historia ya pombe katika eneo la Maziwa Makuu huandikwa mara nyingi kwa kuanzia viwandani: kampuni ya Bralima iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1923, kisha kiwanda cha Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma, kilichoanzishwa mwaka 1957. Hata hivyo, kabla ya chupa palikuwapo jiwe la kusagia. Jiwe hilo ndilo linalodhihirisha ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya pombe.

Pombe ya mtama haitokani na unga wowote. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue kwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani. Hicho ndicho kimea. Katika kuchipua, punje hujitengenezea vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayochachuka. Kiswahili kinatofautisha kusaga na kupaaza, yaani kuvunja nafaka chengachenga bila kuilainisha. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kimea kilicholainishwa mno hugeuka uji mzito usiochujika. Kilichopaazwa huacha makapi yanayosaidia kuchuja. Mkono juu ya jiwe ulijua kiasi hicho, na mashine ya kijijini, iliyokusudiwa unga wa ugali, haikijui kila mara.

Kwa desturi ya eneo hili, pombe ya ndizi ilikuwa zaidi kazi ya wanaume, ile ya mtama kazi ya wanawake. Hata hivyo pombe ya ndizi nayo ilihitaji mtama uliokaangwa na kupondwa ili ichachuke. Hivyo posa, kilimo cha ujima na matanga vilipitia kwanza kwenye jiwe la mwanamke. Bia ya kiwandani ilidai fedha taslimu. Pombe ya nyumbani ilidai akiba ya nafaka, maji na muda.

Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa adimu Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma katika uchifu wa Bukumu. Ardhi ya huko ni ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, na maji ya juu ya ardhi ni haba. Mwaka 2012, na tena tangu mwaka 2022, vita vya M23 viliwaleta hapo maelfu ya wakimbizi wa ndani kutoka Rutshuru, hadi kambi za Goma zilipoondolewa Februari 2025.

Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, jiwe hubaki. Zaidi ya hayo, unga wa msaada hauwezi kuwa kimea, kwa kuwa unga hauoti. Unaweza kuongezwa kwenye kimea, lakini hauwezi kushika nafasi yake. Aliyepewa unga amepewa chakula. Aliyebaki na punje nzima amebaki pia na mbegu, pombe na neno la kusema katika ujirani.

Kwa hiyo, kupotea kwa jiwe si kupotea kwa chombo tu. Ni kuhama kwa uamuzi: kutoka kwa mwenye nafaka kwenda kwa mwenye mashine, mwenye kiwanda, au mwenye kugawa.